Mwalimu, Usimpe Fundi Elfu Sitini

Wadogo zangu, vuteni mkeka mkae. Leo kona yetu haina habari za mawifi wala michango ya harusi, leo tunaongea kompyuta, na najua nusu yenu mmeshaanza kupiga miayo. Vumilieni. Barua iliyonifikia wiki hii nimeisoma nikajiona mwenyewe, niko kwenye benchi la stesheneri, flashi mkononi, machozi yananilengalenga.

Ameandika mdogo wangu mmoja, mwalimu wa sekondari huko Morogoro. Nyumbani wana laptopu moja, ya mtumba, ina Windows 10. Humo ndimo anamotungia mitihani na kujaza alama za wanafunzi, mume wake anaweka hesabu za duka, na jioni watoto wanaigeuza sinema. Siku hizi imekuwa nzito mno. Anasema ukiiwasha unaweza kwenda kuinjika chai, ukarudi na bado kile kiduara kinazunguka. Fundi kaitazama dakika mbili, katikisa kichwa, kasema, "Hii imejaa virusi." Anataka shilingi elfu sitini aweke antivairasi "kali". Mwalimu anauliza: "Dada, nimlipe? Na kama ni ya kununua, ninunue ipi, maana kila ninayemuuliza ananitajia yake?"

Mwalimu, usimlipe. Sasa nikueleze kwa nini, na nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, Dar es Salaam. Ripoti ya utafiti ilikuwa tayari, na kesho yake saa nne asubuhi ndiyo mwisho wa kukusanya. Nikaenda stesheneri moja karibu na chuo, ile yenye foleni hadi barazani na mashine ya fotokopi inayonuka wino wa moto. Nikampa dada wa kaunta flashi, akaprinti kurasa 3 za mwanzo, umeme ukakatika. Nikachomoa flashi yangu nikahamia duka la jirani lenye jenereta. Kuichomeka tu, nikaona kila folda imeota kimshale kidogo pembeni. Ukibonyeza folda, haifunguki. Ukibonyeza tena, linatokea dirisha jeusi linapepesa na kupotea. Ripoti haipo. Nakala yake kwenye laptopu ilikuwa ya wiki mbili nyuma, maana mimi kila kitu nilikifanyia humo humo kwenye flashi, kama mtu anayeweka akiba yote kwenye pindo la khanga.

Kijana wa pale akaniambia nisilie. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* akabonyeza Enter. Herufi E ndiyo iliyokuwa ya flashi yangu, kwenye mashine nyingine inaweza kuwa F au G. Tukasubiri kidogo, na faili zikaanza kurudi moja moja kama mbuzi jioni. Kumbe hazikufutwa. Kirusi cha shotikati huzificha faili zako, kisha huweka badala yake njia za mkato zenye majina yale yale. Wewe ukibonyeza ukidhani unafungua ripoti, unakiwasha chenyewe, nacho kinaingia kwenye kompyuta na kusubiri flashi inayofuata.

Sasa aibu yenyewe ni hii: laptopu yangu wakati huo ilikuwa na antivairasi mbili. Mbili! Moja aliiweka binamu yangu, nyingine niliiongeza mwenyewe baada ya kuambiwa ile ya kwanza haifai. Na wahenga walishasema fahali wawili hawakai zizi moja. Kila moja ilikuwa inaikagua nyenzake kwa kuishuku, kila faili inachunguzwa mara mbili, mashine inahema kama mgonjwa wa pumu. Na zote zilikuwa hazijapata sasisho hata moja tangu muhula uanze, kwa sababu bando lilikuwa la kuhesabu. Kwa hiyo nilikuwa na walinzi wawili getini, wanagombana, na wote hawamjui mwizi mpya hata kwa sura.

Hapo ndipo penye siri ya biashara nzima ya antivairasi. Programu hizi zinafanya kazi kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni kulinganisha: ina orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, na kila faili inayopita inapimwa kwenye orodha hiyo. Orodha ikichakaa, kazi imeharibika. Ya pili ni kutazama tabia: programu inayoanza kufunga faili zako 200 kwa dakika moja inakamatwa hata kama jina lake halimo kwenye orodha. Siku hizi kuna na ya tatu, inayoimarisha zote: faili ya kutiliwa shaka inaulizwa kwenye seva za kampuni kupitia intaneti, na jibu linarudi kufumba na kufumbua. Hii ya tatu nitairudia, maana kwetu sisi wa bando ina kasoro.

Sasa Mwalimu, shika laptopu yako tufanye pamoja. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, fungua. Utaona picha ya ngao. Ingia palipoandikwa Virus & threat protection. Kama hakuna mtu aliyewahi kukuwekea antivairasi nyingine, hapo utakuta Microsoft Defender. Hiyo ni antivairasi kamili, haidai leseni, haina kipindi cha majaribio. Microsoft waliiweka ndani ya Windows kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, na imo kwenye Windows 10 na 11. Zamani ilichekwa, nami nilikuwa mmoja wa wachekaji. Leo hali ni nyingine. Kuna maabara huru zinazopima programu hizi: AV-TEST iko Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives iko Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua watumiaji kwa kengele za uongo, jumla 18. Defender kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikipata 18 kwa 18 au karibu sana na hapo. Anayekuambia ile ya bure ya Windows haina maana anasimulia habari za zamani, au ana kitu cha kukuuzia.

Ukiwa hapo hapo, shuka chini hadi Protection updates. Utaona tarehe ya mara ya mwisho kusasishwa. Kama ni ya leo au jana, vizuri. Kama ni ya mwezi wa tatu uliopita, tumeshapata mgonjwa wetu. Bonyeza Check for updates. Wengi wetu tunatumia hotspot ya simu, na tukiwa tumeiambia Windows kwamba mtandao huu unapimwa, masasisho mengi yanawekwa kiporo. Si vibaya kubana bando, jamani, nami nabana. Ila tenga siku moja ya wiki, unganisha, iache inywe. Halafu ingia Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kujiwasha, itafanya ukaguzi kwa kama robo saa kabla Windows haijaamka, na kirusi kilichojificha chini ya mfumo hakipati nafasi ya kujitetea.

Ukimaliza hayo na hakuna kilichokamatwa, basi virusi vya fundi wako ni vya mdomoni. Uzito wa laptopu nitaurudia mwishoni, una mambo yake.

Mtaniuliza, dada, kwa hiyo hakuna haja ya kununua kabisa? Sikusema hivyo. Narudi kwenye ile kasoro niliyowaahidi. Nguvu kubwa ya Defender inatoka mtandaoni. Kwenye majaribio ya AV-Comparatives, kompyuta ikiwa imeunganishwa, Defender hukamata karibu kila kitu. Ikikatwa intaneti, uwezo wake wa kutambua faili mbaya hushuka waziwazi, wakati Bitdefender ya Romania, au Avast, hubaki na sehemu kubwa ya uwezo wao. Kwa mtu wa Ulaya ambaye intaneti inatiririka kama maji ya bomba hilo halimsumbui. Kwa mwenye stesheneri huko Kilosa anayepokea flashi 40 kwa siku na bando linaisha saa nane mchana, hilo ndilo swali lenyewe. Huyo namwambia anunue, tena asisite. Na bado ataunganisha walau kila asubuhi ipate orodha mpya.

Mwingine ninayemshauri kununua ni mwenye watoto na vifaa vitatu vinne, anayetaka pamoja na ulinzi apate na kidhibiti cha wanachokitazama watoto, vyote kwenye leseni moja. Hiyo ni kununua urahisi, na urahisi si dhambi. Lakini tazama boksi vizuri: ni vifaa vingapi, ni mwaka mmoja au miwili, na je, kadi ya namba za siri ndani imeshakwanguliwa? Ukinunua mtandaoni kwa kadi ya benki, jua kwamba bei tamu unayoiona mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wanakata wenyewe, bei kamili, wakati wewe umeshasahau. Zima kujihuisha siku ile ile unayolipia.

Na ile ya fundi ya elfu sitini? Nimeshakuta mara mbili kwa macho yangu: ni toleo la majaribio la siku 30 ambalo ungeweza kulipakua mwenyewe, au ni la kulipia lililokrakiwa. La majaribio siku ya 31 linaanza kukudai dola kila ukiwasha mashine, na fundi hapokei simu.

Kuna za bure pia, nyingi. Ukiwa na Windows ya kisasa sioni sababu ya kuzikimbilia, na nieleze hisia yangu bila kumung'unya. Kuitunza antivairasi ni gharama, wanaoiandika wanakula. Usipolipa wewe, analipa mwingine. Avast, kampuni ya Prague yenye watumiaji wengi mno duniani, ilikuwa na kampuni tanzu ikiitwa Jumpshot, iliyouza habari za tovuti walizotembelea watumiaji. Ilipofichuka, Jumpshot ikafungwa mwanzoni mwa 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaitoza Avast dola milioni 16.5. Mtu umemweka alinde nyumba, kumbe anaandika kila mgeni anayeingia na kwenda kuuza daftari. Leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya mwavuli mmoja, Gen Digital, kwa hiyo ukihama kutoka moja kwenda nyingine kwa hasira, umehama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Kaspersky nimeulizwa sana, kwa sababu boksi zake za kijani zimejaa kwenye maduka yetu. Kwenye maabara haijawahi kuwa ya kuchezea. Tatizo lake ni siasa: makao yake ni Moscow, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo, ikihofia serikali ya Urusi inaweza kuishinikiza. Kampuni inakana. Marufuku hiyo ni ya Marekani, si yetu. Antivairasi inaruhusiwa kuona kila faili yako, hivyo unachagua programu na pia unachagua nani umpe ufunguo wa nyumba. Mitihani ya kidato cha pili si siri ya vita. Kama una leseni yake inayofanya kazi, maliza mwaka wako kwa amani.

Aibu yangu nimeshawapa. Ya mjomba wangu ni kubwa zaidi.

Mwaka juzi alinipigia simu saa tano usiku. "Mwanangu, kompyuta inasema ina virusi vitano na inalia." Nikamwambia asiguse, kesho yake nikaenda. Kweli, pembeni kulia kwa skrini kulikuwa na vibango vyekundu vinaibuka kimoja baada ya kingine: mashine yako iko hatarini, antivairasi yako imekwisha muda, bonyeza hapa. Nikafungua Defender, iko salama, kijani kibichi. Vibango vile havikutoka kwenye kompyuta hata kidogo. Vilitoka kwenye brauza. Mjomba alikuwa anatafuta mechi ya kutazama bure, ukurasa ukamwambia abonyeze Allow kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Naye, mtu mkweli, akathibitisha. Kumbe alichoruhusu ni ukurasa ule umtumie taarifa wakati wowote. Nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya Notifications, nikakuta tovuti 9 zenye majina ya ajabu. Nikazifuta zote. Kelele zikakoma palepale. Akanipa nauli na maembe.

Wengi wanaonunua antivairasi kwa pupa wananunua baada ya kutishwa namna hii. Shikeni hili: antivairasi ya kweli haikupi namba ya simu ya kupiga, haikuhesabii sekunde, haipigi king'ora ndani ya ukurasa wa intaneti. Ukikutana na ukurasa uliojaza skrini yote ukakataa kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua brauza kwenye orodha, ifunge kwa nguvu. Ukifungua tena usikubali ikurejeshee kurasa za mwanzo.

Haya, sasa tuje kwenye jambo ambalo najua baadhi yenu mtaninunia.

Windows yenu imenunuliwa? Office je? Photoshop ya kutengenezea kadi za send-off? Kimya. Najua. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua "zimeshapigwa Windows" na fundi, na zimefunguliwa leseni kwa kitu kidogo cha kukrakia ambacho maelekezo yake mstari wa kwanza husema: zima antivairasi kwanza. Hebu fikirieni. Mtu anagonga mlango usiku, anasema, "Mfunge mbwa, uzime taa, ndipo niingie nikuletee zawadi." Nawe unamfunga mbwa. Baadhi ya vikrakio vinafanya kazi waliyosema, havina ubaya mwingine. Vingine vinakuja na mgeni: wizi wa nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza, au programu inayotumia mashine yako usiku kuchimba sarafu za kidijitali za watu wengine. Na nimeona laptopu ambazo fundi, ili kikrakio chake kisikamatwe, aliiambia Defender isikague kabisa diski C. Ngao inaonekana kijani, mwenye nyumba analala usingizi, na mlango wa nyuma uko wazi mwaka mzima. Kaangalieni leo: Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, shukeni hadi Exclusions. Hapo pakiwa na kitu ambacho hukukiweka wewe, kitoe. Kikulacho ki nguoni mwako, na hii ndiyo nguo yenyewe.

Kuliko kutoa hela ya antivairasi, ni bora usikraki kitu. LibreOffice inaandika na kuhesabu bila malipo na inafungua faili za Word. Mtihani wa Jiografia haujui ulichapwa na programu gani.

Jingine linalomhusu Mwalimu moja kwa moja ni hiyo Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Wametoa nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 13, 2026, kwa wanaojisajili, na orodha za virusi za Defender wamesema zitaendelea kuja hadi 2028. Msisikie hilo la pili mkastarehe. Orodha ya virusi ni picha za wezi. Masasisho ya Windows ni kuziba ukuta uliobomoka. Mwenye picha zote za wezi wa mjini lakini ukuta umepasuka bado ataibiwa.

Mfano ni WannaCry. Mei 12, 2017 kirusi hicho kilienea duniani kwa siku moja, kinafunga faili za watu na kudai dola 300 za bitcoin ili kuzifungua. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote, kilitambaa kutoka mashine hadi mashine kupitia tundu lililokuwa ndani ya Windows. Na tundu hilo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka tangu Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Waliokuwa wamesasisha walikunywa chai yao.

Kwa hiyo Mwalimu, jisajili kwenye hiyo nyongeza, ipo ndani ya ukurasa wa Windows Update. Baada ya hapo angalia kama laptopu inakubali Windows 11. Zenye prosesa za Intel chini ya kizazi cha nane karibu zote hazimo kwenye orodha yao, na mtumba wetu mwingi uko huko chini. Isipokubali, kama una mpwa anayesoma kompyuta, anaweza kukuwekea Linux Mint mahali pa Windows, ya bure na nyepesi, na shemeji hesabu zake za duka atazizoea kwa wiki moja akiacha kununa. Wa Mac nao wana kinga ya kuzaliwa nayo, inaitwa XProtect, nao wasasishe tu, sina la ziada la kuwaambia.

Flashi sasa. Kirusi cha kwanza kilichozunguka dunia kwenye kompyuta za aina hizi zetu kinaitwa Brain, cha mwaka 1986, kazi ya ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, waliokuwa na duka la kompyuta. Ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu! Kilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono, hadi ng'ambo. Miaka mingi imepita, disketi zimekufa, nasi bado tunaambukizana mkono kwa mkono pale kaunta ya stesheneri. Ukitoka kuprinti, flashi usiifungue kwa pupa. Chomeka, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Scan with Microsoft Defender, subiri, ndipo ufungue. Bora zaidi, geuza kazi yako iwe PDF uitume stesheneri kwa barua pepe, flashi ibaki nyumbani. Wengine mnafungua WhatsApp yenu kwenye kompyuta ya pale kisha mnaondoka bila kuiondoa. Nimewahi kukaa kwenye kiti nikakuta mazungumzo ya mtu na mchumba wake yako wazi mbele yangu. Nilisoma mistari miwili tu, wallahi, nikafunga.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna antivairasi itakayokufanyia, nacho ni nakala. Mitihani, alama, picha za mtoto alipozaliwa, zinakiliwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe ikae kabatini. Ikibaki imechomekwa, kirusi kinachofunga faili kitaifunga nayo. Mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya kufua, basi. Mimi baada ya ile siku ya stesheneri nimekuwa nazo mbili, moja kwangu, moja kwa mama Mbagala, imefungwa kwenye soksi ndani ya sanduku la vitenge. Mama anadhani ni redio mbovu.

Tumalizie uzito wa laptopu, Mwalimu. Iwashe, subiri itulie, bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Tazama safu ya Disk. Kama inasoma asilimia 100 wakati hujafungua chochote, ugonjwa wako una jina: diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka. Windows za sasa zinailemea. Ukibadilishiwa ikawekwa SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, hata ndogo, laptopu hiyo hiyo itawaka kabla chai haijachemka. Kisha bonyeza pale Startup uzime yale yanayojiwasha yenyewe asubuhi bila kuitwa.

Shemeji amesema, kwa barua yako, kwamba tumpe fundi tu yaishe. Mpe salamu zangu, mwambie dada amekubali fundi aje. Aje na bisibisi. Afungue mgongo wa laptopu, apulize vumbi kwenye feni, aweke SSD mliyoinunua wenyewe kwa ile elfu sitini na nyongeza kidogo, alipwe ufundi wake. Na akiomba umzimie Defender kidogo tu aweke kitu, mletee maji ya kunywa, umshukuru, na laptopu uikumbatie mwenyewe hadi ndani.